Mguu haumuumi tena, mbona daktari anataka kumrudisha kwenye upasuaji?

Shikamoo Daktari,

Nakuandikia kwa ajili ya baba yangu mwenye miaka 66. Kisukari anaishi nacho mwaka wa 14 sasa, na sigara alianza kabla mimi sijazaliwa. Mwaka jana alianza kulalamika kwamba kigimbi cha mguu wa kulia kinambana akitembea, akisimama kidogo kinaachia. Tukasema ni uzee. Baadaye akawa halali. Usiku namkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu ameuning'iniza, anasema akiupandisha kitandani unawaka moto. Kidole kidogo kikawa cheusi.

Hospitali ya kwanza walisema mguu ukatwe chini ya goti. Ya pili, daktari wa mishipa alimpima akasema bado kuna njia. Wakamfanyia baipasi: walichukua mshipa wa mguu wake huohuo wakaunga kuanzia kwenye kinena hadi karibu na kifundo cha mguu. Kile kidole kilikatwa, lakini mguu ukabaki. Leo ni mwezi wa tano tangu upasuaji. Kidonda kimefunga, analala usiku kucha, na anatembea hadi getini na kurudi bila kupumzika.

Wiki iliyopita alikwenda kupimwa, akapigwa ultrasaundi ya mguu. Majibu nimeyanakili kama yalivyo: kasi ya damu sehemu moja juu ya goti ni sm 340 kwa sekunde, uwiano 4.1, kasi katikati ya mshipa 39. Kile kipimo cha presha ya kifundo kimeshuka kutoka 0.93 hadi 0.75. Daktari anasema mshipa umebana na anataka kuupanua kwa puto kabla haujaziba. Baba amekataa. Anasema amechoka na visu, mguu hauumi, wamwache. Nimemwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, akanijibu ukuta ni wake.

Juu ya hayo, mguu unavimba kila jioni. Baba mdogo anashikilia kwamba damu imelala, inatakiwa kukandwa kwa maji ya moto na dawa ya kuchua. Na sigara, Daktari, hajaacha. Anavutia nyuma ya choo, akirudi ananukia dawa ya meno.

Nimsikilize nani? Na sisi nyumbani tunaweza kufanya nini damu ipite vizuri?

Binti yake

---

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Daktari wenu yuko sahihi, na baba yako naye hasemi uongo: mguu kweli haumuumi. Ila ukweli wa baba ni wa leo, na ukweli wa daktari ni wa wiki na miezi inayokuja.

Kwanza nikueleze huo mshipa umepitia nini. Ateri ya baba, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni, imezibwa na mafuta na chokaa iliyojijenga ukutani kwa miaka mingi, kwa hiyo damu imetengenezewa njia ya pembeni. Kwa Kiswahili safi tungeiita mchepuko, kama ule wa barabara, lakini neno hilo limeshapata kazi nyingine mitaani, tubaki na baipasi. Njia yenyewe ni vena, mshipa mwepesi uliozaliwa kurudisha damu kwenye moyo, uliozoea msukumo mdogo. Siku moja ukahamishiwa kazi ya ateri, kupokea pigo la moyo zaidi ya mara elfu tisini kwa siku. Unajihami kwa kunenepesha ukuta wake wa ndani. Kunenepa kidogo ni heri, ndiko kunakoupa nguvu. Shida ni pale panapozidi.

Na panapozidi pana mahali pake. Vena ina vali ndani, vilango vidogo vinavyozuia damu kushuka. Sasa damu inatakiwa ishuke hadi unyayoni. Kwa hiyo mpasuaji ama huutoa mshipa na kuugeuza juu chini, ama huuacha ulipolala na kuzikata vali kwa kisu chembamba kinachopitishwa ndani yake. Sehemu zilizokuwa na vali, pamoja na maungio ya juu na ya chini, ndizo hupenda kunenepa na kubana. Kipindi chake hasa ni kati ya mwezi wa kwanza na mwisho wa mwaka wa pili. Baipasi ikiziba ndani ya siku 30, mara nyingi tatizo ni la mshono au mshipa wenyewe ulikuwa mbovu. Ikiziba baada ya miaka miwili, mara nyingi ni ule ugonjwa wa mwanzo umesonga mbele. Mwezi wa tano uko ndani kabisa ya kipindi cha kubana, ndiyo maana walimwita apimwe ingawa hana maumivu.

Mbona hasikii kitu? Kidonda kilicho wazi kinadai damu nyingi ili kipone, lakini ngozi ikishafunga inaridhika na kidogo. Damu inayopita leo inatosha kulisha mguu mzima uliokaa kimya. Haitatosha siku akijikwaa akachubuka. Halafu kuna kisukari cha miaka 14: neva za miguu zikishakufa ganzi, hazipigi kelele kwa wakati. Na umeniambia mwenyewe anatembea hadi getini. Sijui geti lenu liko umbali gani, lakini mtu anaweza kupunguza mwendo kidogo kidogo bila kujijua, akaishia kusema haumii kwa sababu hafiki pale panapouma.

Sasa zile tarakimu. Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji yanaruka kwa kasi. Hivyo ndivyo damu inavyofanya inapopita penye wembamba. Kasi ikizidi sm 300 kwa sekunde, na ikawa zaidi ya mara tatu na nusu ya kasi ya sehemu nzima iliyo jirani, madaktari wa mishipa huhesabu kwamba pamebana vibaya. Baba ana 340 na 4.1. Ile 39 inasema jambo la pili, na ndiyo iliyonishtua zaidi. Katikati ya mshipa, pasipobana, damu inatembea polepole, chini ya ile 40 hadi 45 inayotumika kama mstari wa hatari. Damu inayojikokota hupenda kuganda. Na presha ya kifundo, ambayo huhesabiwa kwa kuigawanya kwa presha ya mkono, ikishuka kwa zaidi ya 0.15 kutoka pale ilipokuwa, huo nao ni mlio wa kengele. Yake imeshuka 0.18. Kwa wenye kisukari kipimo hiki wakati mwingine hudanganya kwa kupanda, kwa sababu ateri za kifundo hukakamaa kwa chokaa na kukataa kubanwa. Kikishuka, basi, usikipuuze. Vipimo vyote vinaelekeza upande mmoja.

Wembamba hauli damu kwa hesabu ya kawaida. Katika mrija, upana ukipungua nusu, kwa msukumo uleule kinachopita si nusu, ni sehemu moja ya kumi na sita. Pembamba pa baba yako ni pafupi, hivyo hesabu haiwi kali kiasi hicho, lakini inakuonyesha kwa nini mshipa huonekana mzima kwa muda mrefu, kisha mambo yakaharibika kwa siku mbili.

Na hapa ndipo ningependa umkalishe mzee. Mshipa uliobana lakini bado unapitisha damu hufanyiwa kazi ndogo. Kwa puto, mara nyingi anatobolewa kwenye kinena kwa sindano, ganzi ya mahali pale tu, waya unapitishwa, puto linavimbishwa penye wembamba kwa dakika chache. Wengi hulala nyumbani siku hiyo au kesho yake. Pakiwa parefu au pagumu, mpasuaji hukata sentimita chache, akaweka kiraka au kubadilisha kipande kile kwa kipande kingine cha vena. Mshipa ulioziba kabisa ni habari nyingine. Damu imeganda humo kutoka juu hadi chini, inabidi iyeyushwe kwa dawa yenye hatari ya kuvujisha damu kwingine, au itolewe kwa upasuaji, na hata ukifunguka, mara nyingi haudumu. Itabidi baipasi mpya, na mshipa mzuri wa mguu ule umeshatumika. Kwa hiyo mzee aliyechoka na visu ana sababu zaidi ya kukubali puto. Kisu anachokikimbia kiko upande wa kukataa.

Nisikufiche: puto nalo si dawa ya milele. Pengine patabana tena na wataita tena. Mwambie mapema, asije akadhani amedanganywa.

Ukienda naye kliniki, muulize daktari mambo haya bila aibu. Pembamba pana urefu gani, na kwa nini puto na si kiraka? Je, kuna tawi la vena lililoachwa wazi linaloiba damu, au kipande cha vali kilichobaki? Vyote viwili hutokea hasa pale vena ilipoachwa mahali pake, na vyote hutibika. Figo zake zimepimwa lini? Dawa ya rangi inayotumika kuonyesha mishipa kwenye eksirei inaweza kuzielemea figo za mwenye kisukari, na kama anameza metformini, kidonge cha kisukari, wanaweza kumwambia aisimamishe kwa siku mbili tatu.

Tuje kwa baba mdogo, ambaye najua ana nia njema. Mguu kuvimba jioni baada ya baipasi hutokea kwa wengi, na hauna maana kwamba damu imelala. Mguu uliokuwa na kiu umerudishiwa damu ghafla, na mikato mirefu imekata njia ndogondogo za maji ya mwili kwenye paja na kinena. Huchukua wiki, wakati mwingine miezi, kutulia. Akikaa aweke mguu juu ya kiti chenye mto, asikae ameuning'iniza saa nzima kama enzi zile za maumivu. Uvimbe ukija ghafla, ukiwa na wekundu, joto, homa au kigimbi kigumu chenye maumivu, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu inaweza kuwa maambukizi au damu iliyoganda kwenye vena za ndani. Soksi za kubana asivae mpaka mpasuaji aruhusu. Bandeji iliyokazwa juu ya mshipa uliolala karibu na ngozi inaweza kuufunga kabisa.

Maji ya moto, hapana. Mguu wenye ganzi haujui kwamba unaungua, na nimeshaona malengelenge ya beseni moja yakifungua kidonda kilichochukua nusu mwaka kufunga. Kuchua kwa nguvu kwenye njia ya ule mshipa, hapana pia. Baba mdogo akitaka kusaidia, mpe kazi ya kutembea na kaka yake.

Kwa sababu kutembea ndiko kunakosaidia kuliko vyote hivyo. Misuli ikifanya kazi inafungua vimishipa vidogo vya chini, na damu inavutwa kupitia kwenye baipasi badala ya kusukumwa tu kutoka juu. Aanze na getini mara mbili, wiki ijayo mara tatu, alenge nusu saa kwa siku. Akiwa amekaa, apandishe na kushusha nyayo kama anayekanyaga pampu. Asikunje goti muda mrefu, asichuchumae kwa saa nzima. Anywe maji, na akipata kuhara au kutapika msisubiri: mwili uliokauka ni adui mkubwa wa mshipa uliobana, nao unaweza kuziba kwa usiku mmoja. Ila kama moyo au figo zake zina matatizo, kiasi cha maji kipangwe na daktari.

Kuna mashine za kuvalisha mguu zinazojaa upepo na kuachia, nazo huongeza mtiririko zikiwa zinafanya kazi. Kwa mgonjwa asiyeweza kupasuliwa zina nafasi yake. Kwa mtu aliyeunganishwa baipasi, asivalishwe bila ruhusa ya mpasuaji, na haziondoi pembamba.

Dawa nazo. Sijui anameza zipi, lakini kwa kawaida mtu mwenye baipasi hapaswi kukosa aspirini au klopidogreli za kuzuia damu kuganda, pamoja na statini, dawa ya kushusha lehemu, hata kama lehemu yake si ya kutisha. Mwaka 2020 ulitoka utafiti mkubwa wa wagonjwa 6,564 waliorekebishwa mishipa ya miguu, ukaonyesha kwamba rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, miligramu 2.5 mara mbili kwa siku pamoja na aspirini inapunguza matukio mabaya ya mguu, moyo na ubongo, kwa gharama ya kuvuja damu zaidi kidogo. Muulizeni daktari kama inamfaa. Si ya kila mtu, na si ya kujinunulia. Kitu kimoja ninachowakuta nacho watu sana: wanakwenda kung'oa jino, wanaambiwa waache aspirini, hawairudii tena. Asiache chochote kabla ya kumuuliza anayemtibu mguu.

Sasa sigara. Hapa sitabembeleza. Mvutaji ana hatari ya baipasi kuziba mara tatu hivi ya asiyevuta. Kwa upande mwingine, anayeacha hata baada ya upasuaji, mshipa wake huelekea kudumu kama wa mtu asiyevuta. Hakuna puto wala kidonge kinachompa faida hiyo bure. Lakini usimvizie nyuma ya choo, mwanangu. Mzee wa miaka 66 akifumaniwa na binti yake atabadilisha choo, hataacha sigara. Mwambie daktari amwambie yeye, mbele yako, na aombe viraka au vidonge vya kumsaidia kuacha. Uraibu wa miaka 40 na zaidi hauondoki kwa aibu.

Wasomaji wengine ambao wazee wao waliwekewa mrija wa bandia kwa kukosa vena nzuri, jueni kwamba habari yenu inatofautiana kidogo. Mrija wa bandia hubana zaidi kwenye ungio la chini, ndiyo maana baadhi ya wapasuaji hushona kola ndogo ya vena kati ya mrija na ateri. Wengine hutoboa njia kati ya ateri na vena pale chini ili damu ikimbie haraka ndani ya mrija, ingawa faida yake bado inabishaniwa. Na mrija huo unaweza kuziba bila kutoa onyo kwenye ultrasaundi, hivyo nidhamu ya dawa ni kali zaidi. Tangu Jean Kunlin alipounga vena ya mgonjwa kwenye ateri ya paja mjini Paris mwaka 1948, viwanda vimejaribu vitambaa na plastiki za kila aina. Vena ya mtu mwenyewe, ikiwa nzuri, haijapata mpinzani. Baba yako amepewa ile bora, na hiyo nayo mwambie.

Usiku wowote mguu ukiwa baridi ghafla, ukapauka au kuwa wa zambarau, ukauma kwa namna mpya, ukafa ganzi au vidole vikashindwa kusogea, msisubiri asubuhi wala tarehe ya miadi. Misuli ya mguu usiopata damu kabisa huanza kufa baada ya muda wa saa sita hivi. Msiupashe moto, msiuinue juu. Mwambieni anayewapokea neno hili la kwanza: ana baipasi ya mguu na imeziba.

Ili mjue mapema, jifunze kushika pigo lake. Huenda siku zile za wodini uliona muuguzi amechora alama ya kalamu juu ya unyayo wake. Hapo ndipo alipolipata pigo. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, usitumie gumba maana lina pigo lake. Gusa tu, ukikandamiza unalizima. Linapopatikana, chora alama yako. Si kila mguu uliopona una pigo la kushikika, kwa hiyo siku ya kliniki mwombe muuguzi akuonyeshe mahali, na kama halishikiki akusikilizishe kwa kile kimashine cha dopla, ule mvumo wa shwii, shwii. Mpe baba naye asikilize. Nimeona wazee waliokataa maneno yangu ya nusu saa wakanyamaza waliposikia mguu wao wenyewe ukisema.

Halafu piga simu kliniki kesho asubuhi uulize kama nafasi ya puto bado ipo. Kwa tarakimu hizo nisingengoja mwezi.